Karavani ya pikipiki nayo iko chini ya sheria

Vijana wa Kindu, wamotari wa Kasuku, wa Mikelenge na wa Alunguli, wazazi wetu, na nyinyi wakubwa wenye kushika mji huu mikononi,

Tunaandika juu ya jambo ambalo kila mtu hapa analisikia kwa masikio mbele ya kuliona kwa macho: karavani ya pikipiki. Mheshimiwa anarudi kutoka Kinshasa, pikipiki zinaenda kumpokea kwenye uwanja wa ndege. Maniema Union inashinda, pikipiki zinajaa barabara. Matokeo ya mtihani wa Serikali yanatoka, watoto wanajipaka poda na kupanda watatu watatu. Kuko ndoa, kuko tarehe 8 Machi ya akina mama, kuko siku ya kumsindikiza mmotari mwenzetu makaburini. Honi kutoka mbali, vumbi nyekundu, wamama wa kando ya barabara wanavuta mabeseni yao ya ndizi nyuma. Ndiyo Kindu yetu.

Tuseme mapema ili mtu asitusome vibaya. Sisi hatupigani na karavani. Wengi wetu tunakuwamo. Kijana anayebeba abiria na magunia toka asubuhi mpaka usiku, siku ile anaendesha na marafiki zake kwa furaha tu, bila mteja wa kumwambia "simama hapa, pita pale". Mwenye kukosa pikipiki anaazima skuta ya yaya wake, anaweka esansi ya franka kidogo, anaingia katika mstari. Mahali pa vijana kufurahi pamoja katika mji huu si pengi. Atakayekuja kutuambia "pigeni marufuku" hatutamfuata.

Swali letu ni lingine. Siku ya karavani, sheria ya barabara inaenda kulala wapi?

Angalieni siku mbili. Jumatatu asubuhi mmotari ametoka nyumbani, amenunua esansi kwa makadafi, amebeba mama mmoja na gunia lake la muhogo, anaelekea soko. Mbele kidogo polisi anainua mkono. Kaske iko wapi? Permi? Plaki? Asiransi? Vinyeti? Anayo moja, hana nyingine. "Shefu, unisaidie, ndiyo kwanza natoka." Maneno mawili matatu, matabishi inapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, pikipiki inaondoka. Hakuna kilichoandikwa. Kosa halikuondoka, kaske haikupatikana, mama na gunia lake wameendelea na safari katika hatari ile ile. Kilichobadilika ni mfuko tu.

Jumamosi, polisi yule yule, mmotari yule yule. Sasa wako wengi, wamejaza barabara kushoto na kulia. Ukitafuta kaske utaumia macho bure. Mtoto ameketishwa juu ya tangi, mbele ya mwenye kuendesha. Mwingine amesimama juu ya kiti na kufungua mikono kama sanamu ya kanisa. Polisi anafanya nini? Anasimamisha wengine wote ili karavani ipite, na mbele ya gari la mheshimiwa anapiga saluti.

Kati ya siku hizo mbili, ni ipi alikuwa kazini?

Hatusemi hili ili kumcheka polisi. Naye ni baba wa watoto, mshahara wake tunaujua, na mara nyingi anasimama pale bila hata mwavuli. Tunasema kwa sababu mtoto wa miaka 15 anayeangalia siku hizo mbili anapata somo, na somo hilo litamfuata maisha yake yote: sheria ni kwa mtu aliye peke yake. Ukiwa na wenzako wengi, au ukiwa nyuma ya mkubwa, haikuhusu.

Sheria yenyewe iko, wala haijafichwa. Ni ya zamani kuliko wengi wetu: sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ile inayoitwa kode ya barabara. Mwaka mmoja mbele ya hapo, tarehe 25 Julai 1977, nchi yetu, wakati ule Zaire, iliingia katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani. Huo ni mkataba wa dunia, si wa Kinshasa peke yake, na kuko ndani yake maneno yanayotuhusu sisi wa pikipiki moja kwa moja. Tumekaa tukayasoma, na tunawashauri nanyi muyasome, maana mtu anayesimamishwa kila siku kwa jina la sheria afadhali ajue sheria inasema nini.

Kifungu cha 27 kinasema mwenye pikipiki ashike usukani kwa mikono yote miwili, ila pale tu anapotoa mkono kuonyesha anataka kugeuka. Kinasema abiria anakaa kwenye kiti kilichowekwa nyuma ya dereva, au katika kile kitanda cha pembeni kama pikipiki inacho. Juu ya tangi hapana. Kifungu cha 13 kinamtaka anayefuata aache nafasi ya kutosha, ili aliye mbele akisimama ghafla asimgonge. Na kifungu cha 26, hiki ndicho kizuri kwetu, kinazungumzia misafara: kinakataza mtu kukata katikati mstari wa askari, mstari wa watoto wa shule wanaoongozwa na mkubwa wao, au msafara mwingine.

Yaani sheria inajua msafara. Inauheshimu. Inamwambia mwenye gari: ngoja, waache wapite pamoja. Lakini haikusema popote kwamba aliye ndani ya msafara anaweza kuachia usukani, au kubeba watu wanne, au kumla mwenzake mkia kwa mwendo wa kasi. Heshima ya kupita pamoja, hiyo tunapewa. Ruhusa ya kuvunja hatukupewa. Sisi vijana tumechukua ile ya kwanza tukajiongezea ya pili, na wakubwa wametuacha kwa sababu wana faida yao. Tutafika huko.

Mbele ya kufika, neno juu ya hizi skuta ndogo. Mkataba ule ule unatofautisha pikipiki na ile ndogo yenye mota isiyozidi sentimita 50 za ujazo na mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Katika mji wetu TVS ya 125 au 150 ndiyo imejaa, lakini skuta nazo ziko, na wengi wanaozipanda ni wanafunzi, dada zetu, na watu walioazima. Katika karavani wote wanawekwa mstari mmoja. Mwenye mota kubwa anavuta, mwenye ndogo hataki kuachwa nyuma mbele ya marafiki zake, anafungua gesi mpaka mwisho. Magurudumu yake ni madogo, na shimo ambalo TVS inapita kwa kuruka kidogo tu, yeye linamtupa chini. Anayekuja nyuma yake yuko mita mbili. Ndiyo namna watu wanaumia: wengi si kwa ulevi, wala si kwa ubaya wa moyo. Ni aibu tu ya kubaki nyuma.

Sasa twende kidogo nje ya Kindu, maana wengi wetu tunatembea, na kwenye mipaka ndipo mtu anafahamu kwamba sheria ya barabara ni kitu cha kweli. Congo tunaendesha upande wa kuume. Rwanda na Burundi vilevile. Lakini Tanzania, Uganda na Zambia wanaendesha kushoto, kwa sababu Mwingereza alipita huko kama Mbelgiji alivyopita kwetu. Mfanyabiashara wa Kasongo au wa Kabambare anayeshuka mpaka ziwa na kuvuka kwenda Kigoma, akipanda pikipiki kule, mkono wake unataka kumpeleka kuume na barabara nzima inamjia usoni. Anayetoka Kasindi na kuingia Uganda anabadilisha upande palepale mpakani, na anayepita Kasumbalesa kwenda Zambia pia. Tangu mwaka 2022 sisi ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, jumuiya moja yenye pande mbili za barabara. (Kwetu Kindu kuko upande wa tatu: ule usio na shimo.)

Lakini angalieni jambo hili. Kijana yule yule wa Kindu anayepita katikati ya barabara hapa nyumbani, akifika Kigoma anashika kushoto siku ya kwanza. Hahitaji semina. Akipanda bodaboda Kenya anaona kwamba sheria inamruhusu dereva kubeba abiria mmoja tu, na inamtaka avae kofia ngumu. Bujumbura, Machi 2022, serikali ilikataza pikipiki, bajaji na baiskeli kuingia katikati ya mji. Sisi tunaona hiyo ilikuwa kuwaonea maskini, lakini wenye pikipiki waliheshimu kwa sababu walijua agizo lile halikuwa la Jumatatu peke yake. Na Kigali kila mmotari ana kaske mbili, yake na ya mteja. Tunajua kusema Kigali leo kunachoma masikio. Goma ilichukuliwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na tunajua nani alikuwa nyuma ya M23. Hatuimbi sifa za mtu. Ila kichwa cha mama wa Mikelenge kina mfupa uleule kama kichwa cha mama wa Kigali, na kaske haina uraia.

Kwa hiyo hatukubali wanaposema "vijana wa Congo ni wakaidi, hawawezi sheria". Ni vijana walewale wanaoweza wakiwa ng'ambo. Kinachobadilika si damu yao. Ng'ambo wanakuta sheria ambayo kesho itakuwa kama jana, kwa mmoja na kwa mia.

Kuko nchi moja Ulaya, Sweden, iliyoamua watu wote waache kushoto wahamie kuume. Walichagua siku moja, tarehe 3 Septemba 1967, na saa moja, alfajiri. Magari yakasimama, yakahamia upande wa pili, yakaendelea. Fikirini kama waziri angesema siku ile, "gari langu na watu wangu tutabaki kushoto kwanza." Maiti wangehesabika mpaka jioni. Barabara haiwezi kuwa na sheria mbili kwa wakati mmoja. Ofisi inaweza kuvumilia, hata soko linaweza. Barabara inaua.

Sasa tuje kwenye faida ya wakubwa. Karavani ya mpira au ya ndoa watu wanajichangia wenyewe. Ila karavani kubwa, zile za kumpokea mtu, haziji zenyewe. Wakati wa kampeni ya uchaguzi wa Desemba 2023 kila mtu aliona namna mambo hayo yanaendeshwa katika nchi hii: mtu wa timu ya mgombea anapita kwenye parkingi, anaongea na mkubwa wa parkingi, litre mbili au tatu za esansi kwa kila pikipiki, mpira wenye picha ya mgombea, na franka za chakula zikibaki. Uchaguzi umepita, desturi imebaki. Mmotari anafanya hesabu: asubuhi nzima ya kutafuta wateja, au litre tatu mkononi sasa hivi? Hatumlaumu kwa hesabu hiyo. Nyumbani wanangoja unga.

Lakini hesabu haijaisha pale. Mmotari akianguka katika karavani ile na kuvunjika mguu, nani analipa? Asiransi hana, au anayo ya karatasi ya kuonyesha polisi. Pikipiki yenyewe mara nyingi si yake. Ni ya tajiri, na kila jioni anatakiwa kurudisha pesa ya siku. Mheshimiwa wakati huo amefika, anakula, simu ya mtu wa timu yake haipiti tena. Familia inakimbia huku na huku kutafuta pesa ya plasta, wenzake wa parkingi wanapitisha kofia. Litre tatu za esansi zimenunua mguu wa mtu. Na kama aliyegongwa ni mtoto aliyekuwa anavuka, au mama wa ndizi, huyo hakupewa hata litre moja.

Wakubwa watasema hawakumwambia mtu avunje sheria. Kweli, hawakusema. Walilipa tu esansi, wakafurahi kuona wengi, na hawakuuliza kaske iko wapi.

Hapa tuwaombe mfungue Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 12 kinasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Kifungu cha 26 kinalinda uhuru wa kufanya maandamano, na kinamtaka mwenye kuyapanga kwenye barabara za watu wote au mahali pa wazi aijulishe serikali ya mahali kwa maandishi. Sisi vijana tunakijua kifungu hicho kwa moyo, maana tukitaka kutembea kwa miguu, watu hamsini na bango moja, kuuliza habari ya maji na umeme, tunaulizwa barua. Tukiwa na barua tunaulizwa muhuri. Tukiwa na muhuri tunaambiwa hali ya usalama hairuhusu. Haya. Karavani ya mamia ya pikipiki ni nini kama si maandamano kwenye barabara ya watu wote? Barua yake iko kwa nani? Nani ameweka sahihi kwamba "mimi ndiye mwenye kuipanga, njia tutakayopita ni hii, tutaanza saa hii, tutamaliza saa hii"? Kama barua ipo, tuonyeshwe. Kama haipo, basi barabara ya Kindu inafungwa kwa mtu mwenye miguu na kufunguliwa kwa mtu mwenye esansi, na hiyo Katiba haikusema.

Hatuombi karavani ziteswe kama maandamano yetu yanavyoteswa. Tunaomba kinyume: kipimo kiwe kimoja, na kiwe chepesi kwa wote. Barua, njia, saa, jina la mwenye kuwajibika. Basi. Jina hilo ndilo familia ya aliyevunjika mguu itaenda kubisha mlango wake, na siku watu watakapoanza kuandika majina yao, mtaona namna kaske zitakavyotokea.

Kwa polisi wa barabara ombi letu ni fupi zaidi. Pesa ya faini ni pesa ya Serikali, na pesa ya Serikali inapita benki kwa karatasi. Mmotari mwenye kosa aandikiwe kosa lake, apewe karatasi, aende alipe. Asiye na kosa aende zake. Anayedaiwa pesa bila karatasi aombe karatasi kwa heshima, bila matusi, na akumbuke saa, mahali na kiasi alichoombwa. Na siku ya karavani, polisi asimame mbele ya pikipiki ya kwanza kabla haijaondoka, amshushe mtoto aliye juu ya tangi. Mmoja tu akishushwa hadharani, wa pili atashuka mwenyewe.

Juu ya kaske watu wanabishana sana, basi tuseme tunalolijua. Wanasayansi waliokusanya uchunguzi wa nchi mbalimbali walikuta kwamba kaske inapunguza hatari ya mwenye pikipiki kufa katika ajali kwa karibu asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani duniani kwa mwaka, na linasema ajali za barabara ndizo zinaua zaidi kuliko kitu kingine chochote watu wa umri wa miaka 5 mpaka 29. Huo ndio umri wetu. Tunajua kaske ni ghali, inachoma kichwa jua likiwaka, na wateja wanakataa ya mmotari kwa sababu ya jasho la watu wengine. Wamama wanaogopa kuharibu nywele, na nywele za kusuka si za bure. Kitambaa chepesi cha kuvaa chini ya kaske kinatatua nusu ya hayo. Nusu nyingine ni bei. Basi, nyinyi wenye kununua esansi ya karavani: bei ya esansi ile ya siku moja, na mipira yenye picha, mngeweza kuigeuza kaske. Wekeni hata picha yenu juu ya kaske, hatutalalamika. Mpira unachakaa mvua mbili. Kaske ingewatangaza mwaka mzima.

Na sisi wenyewe tunaoendesha? Kuendesha wengi pamoja kuko na ufundi wake, na wenzetu wa klabu za pikipiki katika nchi nyingine wanaufuata bila kulazimishwa na mtu. Skuta na pikipiki dhaifu zinawekwa mbele, si nyuma, ili mwenye nguvu kidogo ndiye awape wote mwendo. Mmoja anayejua njia anaongoza na hakuna anayempita. Mmoja mwenye akili tulivu anabaki wa mwisho, na pikipiki ikikufa njiani yeye ndiye anasimama nayo. Mnapanga mistari miwili, lakini si bega kwa bega: mmoja kushoto mbele, mwingine kuume nyuma kidogo, kama meno ya msumeno, ili kila mmoja awe na nafasi ya kukwepa shimo bila kumsukuma mwenzake. Aliye mbele yako akipita mti, wewe uhesabu moja, mbili, ndipo ufike kwenye mti huo. Katika vumbi uhesabu mpaka nne. Nusu ya barabara inabaki wazi, maana gari la wagonjwa halina ratiba ya karavani. Mbele ya hospitali na mahali penye msiba, honi zinanyamaza.

Wenzetu wa Alunguli tunawaambia zaidi. Nyinyi mnavuka Lualaba na pikipiki ndani ya mtumbwi, na mkitoka karavani jioni mnarudi vilevile, wengine wamechoka, wengine wamekunywa, wote wanataka kuvuka wa kwanza mbele ya giza. Pikipiki tatu na watu wanane katika mtumbwi mmoja, hiyo ni sehemu ya karavani pia, hata kama hakuna anayeipiga picha. Mwenye kuipanga alipe mitumbwi ya kutosha na aandike saa ya kumaliza ambayo jua bado liko juu.

Tutapeleka barua yetu kwa meya na kwa mkubwa wa polisi wa barabara. Nakala itabaki kwenye kila parkingi itakayokubali kuipokea. Tunaomba mambo mawili tu: karavani yoyote, ya chama chochote, ya timu yoyote, ya dini yoyote, iwe na barua yenye jina, na faini yoyote iwe na karatasi. Jibu likija, liwe zuri au baya, tutalichapisha hapa kama lilivyo. Lisipokuja, tutachapisha pia kwamba halikuja, na tutarudi kuuliza.

Na wewe kadogo, siku mtu atakayekuja parkingi na litre tatu na mpira mpya, usimkimbize, usimtukane. Muulize kwa adabu: "Yaya, barua ya karavani hii ina jina la nani? Nikianguka, nimpigie nani simu?" Akikupa jina na namba, ipige palepale mbele yake, usikie kama inapokelewa. Kisha funga kaske yako.